Dawa ya Fukusi Isiyoshindwa

Jumatatu, 4 Agosti
Nimegundua dawa ya fukusi wanaotoboa maharage. Majivu, pilipili, na kitu cha tatu ambacho sikiandiki hata hapa. Nilipaka mbegu zetu zote mwezi uliopita. Hakuna tundu! Ushahidi gani tena? Mke wangu Orpa anaomba nisizichezee. Mvua ikianza, ndizo tutakazopanda, hatuna nyingine. Ana hofu bure.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeitangaza dawa sokoni, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Marcienne, jirani yetu Mrundi, akauliza mbele ya watu kama maharage yasiyopakwa yalitobolewa. Nikajibu nilipaka yote. Akasema basi sijajua kitu. Yeye ataleta ndoo ya maharage bila dawa, ikae kando ya yangu, tutazame. Nikakubali kwa sauti kubwa.

Jumapili, 24 Agosti
Tumefungua ndoo. Maharage yote mazima! Marcienne anadai fukusi hawakuwepo tangu mwanzo. Upuuzi. Dawa ni kali mno, imelinda hata ndoo yake.
“Na kama yangu ingetobolewa?” akauliza.
“Dawa imeshinda.”
“Na zote mbili?”
“Fukusi wako wamehamia kwangu.”
“Papa Kalume,” akasema taratibu, “sasa ni kitu gani kingekuonyesha kwamba umekosea?”
Watu wakacheka. Nadhani walimcheka yeye.

Jumanne, 26 Agosti
Mbarara, mtaa wa Nyamityobora. Ghala la mfanyabiashara Gasore limejaa fukusi: mahali pazuri pa kujitangaza. Nimemwachia mbegu zetu, zimepakwa dawa vizuri. Orpa alikuwa kanisani, sikutaka kumsumbua.

Jumatatu, 22 Septemba
Nimerudi kwa Gasore. Mbegu zimebaki unga na matundu. Gasore amenifukuza. Ni wazi fukusi wa mjini wamezoea pilipili.
Orpa hakunigombeza. Aliketi mlangoni akauliza, “Sasa watoto watakula nini mwezi wa kumi na mbili?” Jioni Marcienne alimpa nusu ya mbegu zake. Mimi hakunitazama.

Alhamisi, 25 Septemba
Ajabu! Asubuhi nilivaa koti la marehemu baba, mchana mvua ikanyesha. Jana vilevile. Koti linaleta mvua! Orpa, akifukia mbegu, aliomba nilivue siku moja tuone. Nimekataa kabisa. Siwezi kuhatarisha mazao ya Nakivale nzima kwa ajili ya kujaribu kitu ambacho tayari nakijua.