Nani Atamlea Mwalimu Kioko?

Jumatatu, 14 Julai

Hatimaye! Madam Monicah, mwalimu mkuu wetu, amenikabidhi mwalimu mpya nimlee kikazi. Anaitwa Kioko, ametoka Makueni, na koti lake jembamba halijui baridi ya huku Tetu mwezi huu. Nina wiki moja ya majaribio. Ijumaa atasema mwenyewe anataka kulelewa na nani: mimi, au Madam Wacera wa gredi ya pili. Wacera! Silaha yake pekee ni chupa ya chai.

Nimelea walimu wanne. Wote walihamishwa, na hakuna hata mmoja anayepiga simu. Mimi nilimpigia mlezi wangu, marehemu Mwalimu Muchiri wa Chaka, kila Krismasi mpaka alipofariki. Ninatamani mtu mmoja tu, popote Kenya hii, aseme kwamba alilelewa na mimi, Gathogo. Kioko ndiye. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Jumanne, 15 Julai

Nimeketi nyuma ya darasa kumtazama Kioko akifundisha hesabu. Niliapa kunyamaza. Akauliza nusu ya robo ni nini. Watoto kimya. Kimya kikazidi. Mkono wangu ukapanda wenyewe! Kioko, kwa adabu zake, akanichagua. Nikajibu. Nikaenda ubaoni kueleza. Kengele ilipolia nilikuwa bado na chaki, na Kioko ameketi kwenye dawati langu. Watoto walinipigia makofi. Nadhani ameona mfano mzuri.

Wakati wa chai nikamuuliza amejifunza nini. Akasema asante, akahamia kwenye benchi la Wacera. Wacera akamuuliza alilalaje. Alilalaje! Hilo ni swali la kitaaluma? Waliongea mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 16 Julai

Nimefanya upelelezi. Kioko hali vizuri. Githeri yetu ya mahindi na maharagwe imemchosha, anatamani muthokoi ya kwao, yale mahindi yaliyokobolewa. Basi nitampikia! Nimeteremka Nyeri mjini kwa Mwende, mama wa Kikamba anayeuza nafaka sokoni. Akanieleza polepole: mahindi, maharagwe, kitunguu. "Na ni hivyo tu, mwalimu. Usiongeze kitu."

Humu ndani hakijapikwa chakula cha watu wawili tangu likizo ya Aprili. Nduta, mke wangu, anafundisha upande wa Kagio na huja shule zikifungwa. Nimetandika kitambaa chake cha meza. Nimeketi nikakitazama kidogo.

Alhamisi, 17 Julai

Maafa! Muthokoi ilikuwa inaiva vizuri, lakini ilionekana kama inakosa kitu. Nikatia viazi. Viazi vikishaingia sufuriani, mtu wa Tetu afanye nini? Nikatia majani ya malenge. Kushtuka, mwiko uko mkononi na kila kitu kimepondwa. Kioko akaitazama ile rangi ya kijani kibichi. "Mwalimu," akasema, "hii si ni mukimo ya kwenu?" Lakini alikula yote, kwa heshima.

Baada ya kula akaanza kusema mtoto wake amejifunza kutembea huko nyumbani, na yeye ameona kwa simu tu. Sauti yake ikapungua. Nikajua huu ndio wakati wa kumsaidia. Nikamweleza jinsi ya kupanga kipindi cha kesho. Aliitikia kwa kichwa akiangalia kitambaa cha Nduta.

Ijumaa, 18 Julai

Amemchagua Wacera. Mbele ya walimu wote! Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikasimama huko. Mawingu yameufunika mlima wote. Iliniuma, na inaniuma hata ninapoandika.

Kioko akanifuata. Akasema mimi ni hodari wa kufundisha, nisikasirike, ni vile tu Madam Wacera humsikiliza. "Kufundisha sina shida, mwalimu. Niko na upweke. Nataka tu mtu wa kuongea na yeye. Ati hata wewe bibi yako yuko mbali?"

Nikasema ndiyo. Tukanyamaza pamoja, na kusema kweli sijasimama na mtu hivyo kwa muda mrefu. Akauliza kama anaweza kuja kwangu Jumapili baada ya kanisa, tuongee tu. Tuongee tu! Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia anunue soksi nzito.

Sasa nimeelewa. Kijana anataka kusikilizwa. Nitamsikiliza kumshinda Wacera mara kumi!

Jumapili, 20 Julai

Kioko alikuja, na soksi nzito. Nilikuwa nimemwandalia somo: Sanaa ya Kusikiliza. Sehemu saba, kwenye karatasi kubwa, nimeibandika ukutani. Nilianza na macho ya msikilizaji, nikaja kwa shingo, nikaingia kwa subira. Alifungua mdomo mara mbili tatu kunieleza habari za mke wake. Nikamwomba kwa upole asinikatize. Msikilizaji mzuri hungoja! Akangoja. Tulipofika sehemu ya tano alisema amechelewa, akanishukuru, akashika njia ya kwa Wacera.

Nimebaki na birika la chai na vikombe viwili. Nimempigia Nduta, hapokei, labda bado yuko kanisani. Kumbe hata mimi nilikuwa na mengi ya kumwambia Kioko kuhusu Nduta. Nyumba imenyamaza sana.

Nimefikiria na kosa nimeliona. Sehemu ya subira ilikuwa fupi mno. Nimeiongeza kurasa mbili.