Mjomba, Huku Hawakujui

Kwa Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi kwenye kiti chako cha karibu na dirisha, ukiwasimulia watu habari za Ulaya. Tafadhali nyamaza kidogo usome.

Ni mimi mpwa wako, msusi, niliyevuka bahari kwa mara ya kwanza kwa kuyaamini maneno yako. Nimeshatembea miji miwili, sasa niko katika wa tatu, na kwa heshima zote ninazokupa kama kaka yake mama yangu, naleta malalamiko yafuatayo.

1. Ulisema watu wa huku wanapenda salamu. Kwenye treni ya kwanza nilisimama mlangoni nikasalimia behewa zima, nikauliza na habari za nyumbani kwao. Mama mmoja akakumbatia mkoba wake. Mzee niliyekaa naye, nilipomuuliza ana wajukuu wangapi, alishuka kituo kilichofuata, na sidhani kama ndicho chake.

2. Ulisema baridi ya Ulaya ni maneno ya watu, eti wewe ulitembea na shati tu. Mjomba, shati gani hilo? Nilivaa magauni yangu yote kwa mkupuo, nikaenda hivyo kwenye jumba la makumbusho. Mlinzi aliponiona nimevimba vile akadhani nimeficha picha ya ukutani. Ikabidi nivue gauni moja baada ya jingine, nikabaki na la ndani kabisa, mbele ya sanamu ambayo yenyewe haikuvaa kitu, wala hakuna aliyeihoji.

3. Hili ndilo lililonitoa machozi. Ulisema katika mji huu wa tatu, ulikosoma, ukitajwa wewe tu milango inafunguka. Jana nilipotea. Simu imezima, jina la hoteli limenitoka, mvua inanyesha. Sikuogopa. Nilikwenda stesheni, kwenye dirisha la maulizo, nikataja majina yako yote matatu kwa sauti ya kujiamini.

Karani akaniuliza, "Ndiye aliyepotea?"

Nikamjibu, "Hapana, ndiye anayejulikana."

Akakutangaza kwenye vipaza sauti, akiyatamka majina yako kama ya dawa ya kikohozi. Stesheni nzima ikakusubiri, Mjomba. Hukutokea. Nikakaa juu ya begi langu nikalia kama mtoto, mpaka bibi mmoja mwenye mbwa akanihurumia. Tulizunguka mtaa hadi mtaa tukitafuta hoteli yenye mlango wa kijani, maana ndio pekee niliokumbuka, mbwa akiwa amevaa koti zuri kuliko langu. Yule bibi hakujui. Mbwa vilevile.

4. Kwa hiyo naomba, bila kukuvunjia adabu, ushuke kwenye kile kiti. Pia uitishe kikao cha ukoo uikanushe Ulaya yote, nchi kwa nchi, Mama akiwa shahidi. Na kuanzia sasa, hata ukisema kwamba huko kuna mvua, uthibitishe. Jambo hili ni la haraka: mdogo wangu wa kiume ameanza kuulizia pasipoti, na yeye hana hata gauni moja.

Msalimie Bibi, msalimie Mkazamjomba, wape salamu majirani wote, hata yule wa redio ya sauti ya juu, ambaye siku hizi namkumbuka kwa mapenzi.

Wako mtiifu, mwenye masikio ya barafu,
Mpwa wako

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta stempu, simu ya nyumbani ikaingia. Wote walikuwa sebuleni, wamenyamaza kunisikiliza mimi, Mjomba, mimi peke yangu. Nilikusudia kusema kweli. Sijui ilikuwaje, nikajisikia nikisema kwamba meya wa mji huu amenibembeleza nimsuke mkewe, nami nimemwambia asubiri kwanza, nina ratiba. Mama amefurahi mno, na mwezi ujao anakuja kwako kukuuliza huyo mke wa meya ni mtu wa namna gani. Nakuomba sana, sema unamfahamu. Mengine ongeza upendavyo. Wewe ndiye mzoefu.