Jina la Hollimant na Ploti Namba 41

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Mvua tangu alfajiri. Wateja wawili, sufuria tatu, zote za kuzibwa matundu. Mji mzima wa Eldoret unaniita Zachariah Fundi wa Sufuria. Mimi ni mfanyabiashara. Sufuria ni za kupitisha wakati tu.

Habari kubwa! Kampuni ya wananchi ya kununua mashamba inakabidhiwa lile shamba la setla Mzungu kule juu ya Kaptagat, Jumamosi ya tarehe 14. Ploti zote zimegawanywa isipokuwa namba 41. Mwenyewe alijitoa akarudi kwao. Ekari tano, na mto uko chini yake! Sisi hatumo katika kampuni, kwa sababu fedha ya hisa niliinunulia mashine ya kunoa visu. Mashine yenyewe ilikataa kunoa. Waceke, mke wangu, hajalitaja jambo hilo tangu mwaka juzi. Huwa anaitazama tu.

Sasa kamati ya kampuni imetangaza kwamba siku hiyo lazima kuwe na bendi ya tarumbeta. Kampuni jirani ilikuwa nayo na mpaka leo wanatutambia. Vijana wa kanisa watapuliza bila malipo, ila tarumbeta za kanisa zimeazimwa Kitale na hazijarudi. Atakayeleta tarumbeta nzuri atapewa namba 41.

Nilimwambia Waceke. Alilitoa jembe chini ya kitanda akalisugua mpaka likang'aa. Tunaishi chumba kimoja mtaani Huruma, nyuma ya pazia la duka. Hatuna hata mahali pa kupanda kitunguu.

Jumatano, 4 Agosti

Zimefika kwa garimoshi! Tarumbeta sita, kubwa mbili na ndogo nne, kutoka kwa wakala mmoja wa Nairobi niliyempigia simu juzi. Badala ya fedha nilimtumia baiskeli yangu. Zote zimechorwa kwa maandishi ya kujipinda: Hollimant na Wanawe. Zinang'aa hata nilifunga jicho moja. Ni nyepesi sana. Wakala aliniandikia kwamba wepesi ndio maendeleo.

Jioni alikuja Nyongesa, karani wa godauni la mahindi. Huyu ndiye anayeongoza wapigaji wa kanisa, na anayo tarumbeta yake mwenyewe, Hollimant ya zamani, aliyopewa na setla mmoja wakati wa kuondoka. Imebonyea kila mahali. Naye anaitaka namba 41.

Alinyanyua mojawapo ya zangu akaniuliza sehemu iliyobaki iko wapi. Halafu akanipa historia ambayo sikumwomba. Alidai ameisoma katika gazeti la wapiga tarumbeta. Eti mzee Hollimant alikuwa akifua shaba kwa mkono wake, na ikitoka mbaya anaiyeyusha tena. Akafa. Wanawe wakagombana, wakamuuzia mwenye duka la piano. Wa piano akawauzia watengenezaji wa mifereji ya maji. Hao wakafunga kiwanda, nyundo zikauzwa kama chuma chakavu, na jina likabaki limelala bila mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita akatokea mtu wa kutengeneza ndoo, akalinunua jina peke yake.

Nilimwuliza kama ana wivu. Akajibu kwamba ana pendekezo. Niziimarishe hizi sita, yeye alete yake, ploti tugawane nusu kwa nusu. Waceke alikuwa nyuma ya pazia. Alikohoa mara tatu. Nilikataa.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimepata njia. Kamati hii iliwahi kutapeliwa. Mwaka jana waliweka malipo ya kwanza ya shamba mikononi mwa mtu aliyekuwa msimamizi tu, wala si mwenye shamba. Tangu hapo hawanunui hata ng'ombe bila kuuliza alikuwa wa nani, na kabla yake wa nani.

Basi nimewaandikia Historia ya Umiliki. Kurasa mbili za fulskapu, wino mweusi, mhuri wa duka langu kila ukurasa. Nimeeleza kwamba jina la Hollimant limepita kwa wamiliki watano waheshimiwa bila kesi mahakamani, bila rehani na bila mgogoro wa mpaka. Yote aliyoyasema Nyongesa nimeyatumia. Mwenye ndoo nimemwita mmiliki wa viwanda vya chuma.

Nimeisoma mara nne. Ningeinunua mimi mwenyewe.

Jumapili, 8 Agosti

Ushindi!

Kamati ilikaa baada ya ibada. Mzee Simeon, mwenyekiti, alivaa miwani akaisoma Historia yangu mara mbili kwa sauti. Akasema laiti shamba lao lingekuwa na karatasi safi namna hiyo. Nyongesa akasimama kupinga. Alisema shamba likiuzwa, jina hubadilika na udongo hubaki, lakini hapa jina ndilo lililobaki na udongo ukaenda zake. Wengine wakaanza kuitikia kwa vichwa. Jasho lilinitoka.

Mzee Simeon akauliza kama kuna kesi yoyote mahakamani. Hakuna. Akamwuliza Nyongesa karatasi ya tarumbeta yake iko wapi. Hana! Alipewa mkononi tu. Mama Warigia, mweka hazina, akazigeuza zote chini juu, akazigonga kwa ukucha kama mtu anayechagua sufuria sokoni. Akatoa hukumu: ya Nyongesa imebonyea na ilishawahi kuzibwa, zangu hazina doa.

Hakuna aliyepuliza hata moja. Sikuona haja ya kuwakumbusha.

Ploti ni yetu, Jumamosi bendi ikimaliza kupiga. Waceke alimenya viazi akiimba. Sijamsikia akiimba tangu mashine ya visu. Amekwisha kununua nusu gunia la mbegu ya viazi, na ameniambia nyumba itatazama wapi.

Jumanne, 10 Agosti

Mazoezi. Vitufe vya tarumbeta mbili vimekwama. Wamalwa, kijana anayepuliza moja ya zile kubwa, alisema inalia kama birika. Nilimweleza kwamba ndiyo sauti ya kisasa.

Baada ya wao kuondoka niliyakagua maungio yake. Miaka kumi na tisa nimeshika lehemu, mtu hanidanganyi. Hiyo si lehemu. Ni kitu kama rangi. Mdomo mpana umeshikana na bomba kwa matumaini tu. Kazi ya jioni mbili kwangu, na zingedumu hata kwa wajukuu.

Lakini fundi akionekana anatengeneza kitu kipya, si amekiri kwamba ni kibovu? Na mimi si fundi. Nimezing'arisha kwa majivu na limau. Zimependeza mno.

Jumamosi, 14 Agosti

Nitaandika kwa ufupi.

Manyunyu na baridi kali. Watu kama mia tano, mgeni wa heshima na kofia yake. Bendi ikaanza. Ubeti wa kwanza, vizuri. Ubeti wa pili, mdomo wa tarumbeta ya Wamalwa ukachomoka, ukaanguka, ukabiringika mteremko wote huku watoto wakiufuata kwa vigelegele. Ulisimama karibu na mto, ndani ya namba 41.

Kisha ikafuata ya pili, na ya tatu. Wamalwa alinijia na bomba mkononi mbele ya watu wote: "Mzee Zachariah, hii kitu yako imekatika. Sasa mimi nipulize nini?"

Nyongesa akaitoa ile yake iliyobonyea akapiga peke yake. Mvua ikazidi, na hakuacha. Sauti ilienda mpaka msituni ikarudi. Mgeni wa heshima alivua kofia, na akina mama walilia. Kusema kweli ilikuwa nzuri. Hata mimi iliniingia, na iliniuma kwamba iliniingia.

Kamati ilikutana chini ya turubai la lori, dakika tano tu. Namba 41 ni ya Nyongesa. Mzee Simeon aliniuliza kama Historia yangu inasema lolote juu ya vipande. Nilimjibu kwamba Historia inahusu jina.

Waceke alibaki amesimama kwenye ile ploti mpaka lori likapiga honi.

Jumatatu, 16 Agosti

Nyongesa amekuja dukani jioni. Nilijitayarisha kwa kejeli. Hakuna! Alisema godauni linamshika Jumatatu hadi Jumamosi, mke wake Nekoye ana mtoto mchanga, na ekari tano hazijilimi. Sufuria kubwa ya kanisa niliyoiziba mimi haijavuja mwaka wa nne huu, na anajua lehemu yangu. Nikizitengeneza hizo tarumbeta sita zikapigika kanisani, Waceke atalima nusu ya namba 41, mavuno yake mwenyewe, kwa muda wote atakaotaka. Wataandikishana mbele ya kamati.

Waceke alishaweka chai motoni kabla Nyongesa hajamaliza kusema. Nilimjibu kwamba nitafikiria. Waceke akauliza kuna nini cha kufikiria.

Jumatano, 18 Agosti

Nimefikiria. Nikazipanga tarumbeta mezani, nikawasha jiko, nikapasha chuma cha kulehemu. Na hapo hapo nani akaingia? Wakala wa Nairobi! Alikuwa akipita kwenda Kisumu. Nilimkaripia vikali. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaninong'oneza kwamba yule mwenye ndoo amechoka, na jina la Hollimant linatafuta mwenyewe kwa upande wote huu wa nchi. Nikimrudishia tarumbeta zote sita, na vipande vyake, atanipa jina. Karatasi alikuwa nayo mfukoni, na mhuri mwekundu.

Jina zima kwa mabomba sita yaliyokatika! Nilisaini kabla hajabadili mawazo. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimeshakuwa chekundu. Nikakizima.

Waceke alirudi akauliza tarumbeta ziko wapi. Nilimwonyesha karatasi. Aliisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma, ambako hakuna kitu.

Alhamisi, 19 Agosti

Waceke aliondoka asubuhi na Nekoye, mwenye mtoto mgongoni, kwenda Kaptagat, jembe begani, mbegu kichwani. Atamlimia Nyongesa kama kibarua, kwa kutwa. Aliniambia chai iko kwenye chupa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu kidogo. Ataelewa mambo yakikaa sawa.

Nimemwandikia Mzee Simeon barua. Nimemjulisha kwamba kampuni ya Hollimant sasa ni ya mwananchi, na kwamba inahitaji mahali pa kujenga kiwanda, karibu na maji. Namba 41 ingefaa sana, ikiwa Nyongesa hataweza kuilima yote. Nimeambatanisha Historia ya Umiliki, ambayo sasa ina ukurasa wa tatu, mmiliki wa sita nikiwa mimi. Sampuli ya tarumbeta sikuambatanisha, kwa kuwa sina.