Mashine Niliyoichagua kwa Kuangalia Taa

Jamani, leo nimejidhalilisha kazini, tena mchana kweupe.

Nafanya kazi maabara. Neema, mwanafunzi wetu wa uzamili, ametumia miezi kusafisha protini ya mbegu za mlonge ili ipelekwe kusomwa mpangilio wa asidi amino zake. Ilibaki hatua moja: protini ipite kwenye bomba la kuchuja, na chini yake mashine izungushe mirija, kila mrija upokee matone yake. Kuichagua hiyo mashine nilitumwa mimi. (Nilijitolea, tusidanganyane.)

Wakala wa kuziuza yuko Kariakoo. Alikuwa nazo mbili. Moja ndogo, imepoa kama mzani wa bucha. Nyingine kubwa, ina kioo cha kugusa na taa za bluu! Mimi mtoto wa Kariakoo, hata balbu siondoki nayo mpaka iwashwe dukani. Nikasema, "Zijaribu." Zikachomekwa, zikawaka, zikazunguka. Nzima! Nikabeba kubwa.

Neema akanipigia. "Kaka Musa, umejaribu na mirija yetu?"

"Mirija ni mirija, mdogo wangu!"

Leo tukaanza. Mirija yetu myembamba, matundu ya mashine mapana, basi ikalala upande kama walevi. Sikujali, taa zilikuwa zinawaka. Nikaegemea meza, nikawa namweleza mkuu wetu, Dokta Salma, nilivyochagua kwa umakini.

"Kaka Musa, mbona mirija mikavu?" Neema akauliza.

"Tulia, ndo inaanza."

"Sasa matone yanaenda wapi?"

Tukatazama. Mashine ilizunguka vizuri kabisa, matone yakidondoka pembeni ya kila mrija. Protini ilikuwa imetiririka mezani mpaka kwenye mkono wa koti langu jeupe, nalo likainywa. Lo!

"Vua," akasema Dokta.

Neema akalishika koti kwa mikono miwili. "Tukilikamua?"

Tukalikamua (naapa). Likatoa wino wa kalamu na jasho langu.

Neema hakunigombeza. Alifuta meza, akanawa, akaenda kukaa kwenye ngazi. Bora angenitukana. Mlonge umejaa sokoni, ila miezi ya Neema hakuna anayeiuza. Nimejuta, jamani, nimejuta sana.

Najua mtacheka, na mna haki. Ila Neema yumo humu kwenye grupu. Mwacheni acheke yeye kwanza.