Nyumba ya Mawe Juu ya Nundu

Jumatatu, 1 Machi 1999
Nyumba ya mawe ya yule Mbelgiji, juu ya mji wa Nundu, ni yangu. Baba alimpikia miaka kumi na tisa. Mzungu alipokimbia, funguo alimwachia baba. Lakini vyumbani ameketi Dorothée, mjane wa kaka yangu, pamoja na familia nne zilizokimbia vita Kilembwe. Mimi, mrithi, ninalala jikoni na kuku. Leo nimeomba chumba kimoja tu. Amesema vyumba ni vya wenye watoto. "Shemeji Norbert, we iko peke yako. Jikoni iko na moto."

Jumatano, 3 Machi
Nimepata akili. Nimeandika KOLERA mlangoni kwa makaa, kisha nikaenda mtoni kuwaambia bamama wanaoteka maji, kwa huzuni, kwamba mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu yumo kwetu. Kufikia mchana familia zote zilikuwa njiani kwenda kijiji cha Swima, magodoro kichwani. Mama mmoja alibeba mapacha. Sikutazama sana. Dorothée aliondoka wa mwisho. Aliuliza mgonjwa ni nani. Nikasema ni mimi. Akaniachia ndoo yake ya maji safi.

Alhamisi, 4 Machi
Vyumba sita. Nimelala kidogo katika kila kimoja. Mawe ni baridi. Hakuna wa kumwonyesha.

Ijumaa, 5 Machi
Askari wamefika. Nimewaonyesha maandishi. Komanda wao amesema kolera wameizoea. Kumbe aliitamani nyumba hii tangu Januari, ila aliona haya kufukuza watoto. Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi. Akafurahi. Mwenye nyumba, akasema, ndiye ajuaye kuni ziko wapi.
Hakuna kuni. Wamechoma milango, kisha madirisha, kisha kitanda alichofia baba. Mimi ndiye niliyeshika panga.

Jumapili, 7 Machi
Nilitumwa maji, nikatoroka hadi Swima. Watu wa Kilembwe wamelala mvuani siku nne. Pacha mmoja anakohoa vibaya. Dorothée aliuliza kama nimepona. Nikasema kidogo. Akanipa fufu ya muhogo na visamaki vikavu vya ndakala, sehemu yake mwenyewe. Nililia nikila. Alidhani ni ugonjwa.

Jumanne, 9 Machi
Dorothée amejenga kibanda cha nyasi. Kinavuja kote isipokuwa pembe moja, na hapo wamelazwa mapacha na mama yao. Mimi niko mlangoni, miguu nje. Nimewaza mchana kutwa. Kesho nitamwambia yule mama, kwa upole, kwamba Kilembwe vita imeisha.