Rangi ya Kucha Ndani ya Mtambo wa Simu

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Meneja ametuita, mimi na Odera. Kiwanda cha blanketi hakihitaji mafundi wawili wa simu. Mwisho wa mwezi abaki mmoja. Mimi nina miaka kumi na moja hapa. Odera ana miezi minane, diploma, na mita ya kupimia umeme anayoipangusa kila saa. Eti tushindane!

Dawa yake nimeipata. Mke wangu Rispa ana chupa ya rangi ya kucha, ile ya kung'arisha tu, haionekani. Ukipaka meno ya kadi ya saketi, yale yanayochomekwa kwenye mtambo wa simu, umeme haupiti, na kadi yenyewe ni nzima. Odera atahangaika siku tatu. Alhamisi wakurugenzi wakija, naitengeneza mbele yao.

Rispa kauliza habari za Mama, aliyelazwa hospitali huko Busia. Nimemwambia kaka yangu Javan ana namba ya kiwanda. Hali ikibadilika atapiga.

Jumanne, 4 Oktoba

Kabla ya saa mbili nimepaka kadi ya simu zinazoingia kutoka nje. Saa nne Carolyne wa mapokezi akaanza kulalamika. Anayepiga kutoka nje anasikia ikiita; huku ndani kimya. Odera kachomoa kadi, kapima: nzima. Kairudisha: kimya. Jasho! Nikamshauri akague nyaya za darini. Akapanda.

Javan hajapiga. Basi Mama ana nafuu.

Jumatano, 5 Oktoba

Odera bado yuko darini. Kashuka mara moja kunywa maji, utando wa buibui umemjaa kichwani. Carolyne kanisihi niangalie. Nikakataa kwa upole, nisije nikaonekana naingilia kazi ya mwenzangu.

Rispa hana raha. Anataka nisafiri. Nimemweleza kwamba kimya ni habari njema. Nimekula vizuri.

Alhamisi, 6 Oktoba

Chai ya asubuhi, redio, matangazo ya vifo. Jina la Mama. Kisha mtangazaji akasema: "Habari zimfikie mwanawe Nahashon, fundi wa simu, Nairobi, ambaye simu yake ya kazini inaita bila kupokewa tangu Jumanne."

Rispa akapiga ukemi. Majirani wote wa ploti wakaingia. Nimelia kama mtoto. Na nchi nzima imesikia kwamba fundi wa simu hana simu!

Basi la Busia huondoka jioni. Nikapitia kiwandani. Wakurugenzi walikuwepo. Nikaichomoa kadi, nikayafuta meno yake kwa pamba na asetoni ya kuondolea rangi, nikairudisha. Simu zote zikalia pamoja. Penye wazee haliharibiki neno. Wamenipigia makofi, wakanipa pole. Meneja kasema uamuzi bado ni mwisho wa mwezi.

Odera kanisindikiza hadi stendi, kanibebea sanduku. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la darini.

Jumatatu, 17 Oktoba

Nimerudi kutoka mazikoni. Javan kaniambia walipiga Jumanne mara kumi na moja kutoka kibanda cha posta. Mama alikuwa bado anaongea. Alitaka kuniaga. Jumatano mchana akaacha kuniulizia, na jioni akakata roho.

Inaniuma mno, siwezi kuandika inavyouma. Rispa kaniuliza simu iliharibika vipi. Nimemjibu ukweli: Odera. Fundi wa kweli angeugundua ule ubovu Jumanne ile ile, nami ningemkuta Mama hai. Mtu wa namna hiyo hafai kuachiwa mtambo wa watu.

Chupa ina nusu bado. Mimi si mjinga, simu za nje sizigusi tena. Safari hii ni ya ndani tu, ile ya chumba cha boila. Mzee Kinyanjui, mwangalizi wa tangi hilo la mvuke, haipigi ovyo, mpaka mvuke uzidi. Kesho asubuhi naipaka.