Chupa Isiyolia

Jumatatu, 3 Machi
Kachakacha. Mlio huo haunitoki masikioni: Shangazi akitikisa chupa yangu ya dawa ya kifafa, kusikiliza kama nimemeza kidonge cha jana. Analala chumbani mwangu tangu nilipoanguka bafuni. Anakoroma. Anapanga upya vitabu vyangu kwa urefu. Nina shahada ya fizikia.

Kliniki leo. Daktari kasema dawa inanipunguzia foliki, vitamini ya mboga za majani, ndiyo maana homosisteini, kemikali inayodhuru mishipa, imepanda kwenye damu. Kaniandikia vidonge vya asidi ya foliki, kimoja kwa siku. Kipimo kijacho kikija kizuri, kasema, Shangazi anaweza kurudi kwake. Nilitaka kumkumbatia daktari. Nikajizuia, ana mba.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekutana na Bi Mfano kwenye dirisha la dawa. Ni mgonjwa mwenzangu. Jina nimempa mimi, maana nesi hamalizi sentensi bila kumsifu. Kwa sauti ya kufariji wafiwa kaniambia damu yake imekaa sawa na sasa analala peke yake. Nawe utafika tu, mdogo wangu, akasema. Mdogo wangu! Tuko rika moja. Mtu anageuza hata ugonjwa kuwa mashindano.

Nimewaza njia nzima. Kimoja kwa siku ni dozi ya watu wasio na haraka. Nimenunua chupa ya pili kwenye duka la dawa wasikonijua. Vinne asubuhi, vinne jioni. Ya ziada itatoka na mkojo. Nimeificha ndani ya buti la mvua.

Jumanne, 18 Machi
Damu imetolewa. Kabla ya hapo, wakati wa chai, mkono wangu uliruka wenyewe na kikombe kikaishia mapajani mwa Shangazi. Nilimwambia nafukuza nzi. Akauliza yuko wapi. Nikasema kafa. Hakucheka. Jioni kasogeza godoro lake. Sasa miguu yake iko chini ya kitanda changu.

Jumatano, 26 Machi
Majibu. Foliki yangu imepita mwisho wa kipimo cha mashine. Bi Mfano hajawahi kufika huko hata kwa ndoto. Nilitabasamu peke yangu. Daktari kasema dawa ya kifafa imeshuka nusu nzima kwenye damu, kwa kuwa foliki ikizidi hivyo mwili huimaliza dawa upesi. Akauliza nameza vingapi. Nikasema napenda sana mboga za majani.

Shangazi, aliyekaa kando yangu, akafungua mkoba, akaweka chupa ya pili mezani kwa daktari. Kumbe alipohamisha buti akifagia, lililia kachakacha. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba siku ile ya bafuni maji yalikuwa yamenifika puani, na kwake hakuna kinachomharakisha kurudi. Sikuona hoja yoyote ya kisayansi hapo. Nilitazama ukuta mpaka macho yakakauka.

Shangazi anabaki. Nje, Bi Mfano kaniuliza, vipi, mdogo wangu?

Alhamisi, 27 Machi
Nimetafakari kwa kina. Wazo halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa vitamini niliyochagua. Daktari kakataza foliki ya ziada. Kuhusu B12 hakutamka neno, na nayo hushusha homosisteini. Nimeshanunua. Nimeshameza vitatu. Safari hii chupa nimeijaza pamba hadi shingoni, nikaitikisa sikioni kama afanyavyo yeye. Kimya kabisa.

Nimeirudisha ndani ya buti.